Panya wa Soksi wa Jemadari

Jumatatu, 3 Machi 1947. Kisauni.
Siku ya tano leo Jemadari hajalala nyumbani. Yuko kwa Thoya, jirani yangu, kajikunja juu ya kinu kama mali ya urithi. Paka niliyemlea kwa maziwa ya mbuzi! Tangu marehemu mke wangu aondoke, ndiye pekee ninayemuaga nikitoka. Nimekwenda kumdai. Thoya kaniambia eti paka hana ndoa, hulala anakopendwa. Nikamuuliza na yeye alipendwa wapi. Tukafikishana kwa Kalama, mzee wa mtaa. Kakata shauri: Jumamosi, baada ya alasiri, paka awekwe katikati ya nyua zetu. Atakayemwendea ndiye mwenyewe, maneno yaishe. Thoya kacheka. Acheke! Hajui anashindana na nani. Mimi nimesoma wiki sita nzima.

Jumanne, 4 Machi.
Kwa Bi Nadhira, muuza mizizi. Kanipa shikamoo yangu kwa adabu, mtoto wa watu yule. Nikamuuliza kama kuna kitu cha kumlevya paka. Akasema upo mzizi wa gugu fulani. Paka akiunusa hugaagaa chini, amsahau hata aliyemzaa. Nisage, nitie ndani ya kidoli cha nguo. Nikasema anisagie yeye, mimi mtu mkubwa.
Nikachukua na dawa ya magoti. Magoti haya yalibeba mizigo ya vita vya Mjarumani, si ya mchezo. Hiyo ni ya kupaka na mafuta ya nazi, ina pilipili na kafuri. Vifurushi viwili, unga rangi moja. Bi Nadhira akanisihi, wallahi mzee Ruwa, usije ukavichanganya, lete nikuandikie. Nikamwambia mwanangu, unasema na msomi. Nikaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Kimoja: "ya paka". Cha pili karatasi ilikuwa finyu, "ku" haikupata nafasi. Nikaandika "ya paka". Si neno. Nitakumbuka.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimeshona kutwa. Panya wanne! Mwili soksi zangu za vita, tumbo sufi, mkia katani, macho vifungo vya shati. (Shati sasa halifungiki. Kifua changu si cha kufichwa.) Thoya kachungulia uani, kaniuliza hivyo viazi vitamu navivalisha nguo kwa arusi ya nani. Sikumjibu. Nilimjibu kidogo tu, mpaka kuku wakakimbia.
Ikafika kutia dawa. Hapa ndipo elimu inapofaa. Nikashika kifurushi, nikasoma polepole: "ya paka". Basi ndicho! Cha pili nikisomee nini? Mwingine angenusa. Mimi pua ilikufa kwa ugoro zamani, na msomi hanusi.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimemjaribia paka wa njiani. Kanusa panya. Kapiga chafya tatu, machozi yakamtoka, kakimbia mpaka kwenye minazi. Mapenzi yamemzidi! Kaenda kuwaambia wenzake. Maskini Thoya.
Magoti yananiuma kwa kuchutama na sindano. Kesho nitayapaka ile dawa nyingine, na nitapaka nyingi.

Jumamosi, 8 Machi.
Naandika nimelala kifudifudi. Nieleze kwa utaratibu.
Watu walijaa. Kalama kamweka Jemadari katikati. Thoya kasimama mikono mitupu, kaita tu, njoo baba. Mimi nikarusha panya, nikajipiga kifua. Jemadari kanusa. Chafya! Kanitazama kama nimemtukana ukoo, kageuka, kapanda begani kwa Thoya.
Sijafungua kinywa kuweka pingamizi, nikahisi kitu gotini. Paka. Sio wangu. Kisha wa pili. Wakaja kutoka jikoni kwa watu, juu ya mapaa, mmoja hana mkia, mmoja kabeba kichwa cha samaki akakitupa ili anilambe vizuri. Wakanipanda. Wakajisugua, wakagaagaa, wakanivuta shuka, nikaishika kwa meno. Nikaanguka. Watoto wakahesabu kumi na mmoja.
Bi Nadhira kaja mbio, kainama magotini pangu, kanusa, kisha kakaa chini kabisa kwa kicheko. Akasema mzee Ruwa, magoti umeyapa ya paka, na paka umempa ya magoti.
Kalama katoa hukumu. Jemadari wa Thoya. Na hawa kumi na mmoja, kwa sheria ile ile, wangu.

Jumapili, 9 Machi.
Nyumba kimya hakuna. Wamelala kitandani, wamelala kwenye sufuria. Jemadari hayumo. Nimewaaga wote kumi na mmoja nilipotoka, wala haikuwa sawa.
Nimekwenda kwa Thoya, nikataka turudie Jumamosi ijayo. Kanisogezea kigoda, akasema haya, mwenzangu, hata mara kumi. Muoga huyo! Kaogopa.
Bi Nadhira kanipa vifurushi vipya, kaomba tena aandike yeye. Nikakataa. Kosa nimeshaligundua: herufi zangu zilikuwa ndogo mno. Sasa nimeandika kubwa, kwa makaa, mtu ataziona toka Utange.
Dawa ya magoti: PAKA.
Dawa ya paka: PAKA.
Hapo hata kipofu hakosei.