Uvivu wa Mashua ya Serikali

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Baraka kwamba mashua ya chuma ya Serikali itaingia ziwani mwaka huu wa 1954, na kwamba mpaka iingie, hakuna mtumbwi utakaogusa maji. Ufuko umetengwa kwa sherehe. Tangazo hilo niliandika mimi, Casimir, karani wa daraja la pili, na mpaka leo sijaona kosa ndani yake.

Kazi ilipangwa kitaalamu. Mashua ililazwa juu ya magogo. Watu arobaini walishika kamba za mbele, wavute kuelekea ziwani. Arobaini wengine walishika za nyuma, wavute kuelekea mlimani, mali ya Serikali isije ikakimbia. Bwana Mkubwa, Mbelgiji anayetutawala, alihesabu pande zote mbili mwenyewe. Hapendi upendeleo.

Filimbi ikalia. Watu themanini wakavuta mpaka mishipa ikawatoka. Mashua haikusogea hata unene wa ukucha.

"Uvivu!" akasema Bwana Mkubwa.

Nikaandika: uvivu, watu themanini, jasho jingi. Akatia sahihi.

Siku ya tatu alinijia Mama Suzanne, muuza ndakala. Samaki wale wadogo huvuliwa wakati wa giza la mwezi tu, na giza lilikuwa limebakiza siku mbili liishe. Watoto wake wanne walikuwa wanakula muhogo mtupu.

"Karani, bale ba nyuma banavuta nini?"

"Wanavuta usalama, mama."

"Ubaambie baachilie, mashua itaenda."

"Hilo linataka barua."

"Batoto bangu balale njaa juu ya barua?"

Niliona aibu, nakiri, lakini aibu haina fungu katika bureau, ofisi yetu. Nikapeleka shauri lake. Bwana Mkubwa akafikiri sana, akaongeza watu ishirini mbele. Kwa ajili ya haki, akaongeza ishirini nyuma.

Alasiri ile alipanda juu ya mashua awahutubie wavivu huku wakivuta. Alisimama wima, mikono mgongoni, akaeleza maendeleo kwa nusu saa. Alipomaliza, Suzanne akapiga kigelegele.

"Bwana amesema muzuri! Ninyi ba nyuma, mumupigie makofi!"

Kumpigia makofi ni sheria. Watu sitini wa nyuma wakaachia kamba, wakapiga makofi kwa utii kamili. Wa mbele walikuwa majini hadi kiunoni, kamba mabegani, na kwa kelele za mawimbi hawakusikia kitu. Wakaendelea kuvuta.

Mashua ikaondoka. Miguu ya Bwana Mkubwa ikaondoka nayo. Kiwiliwili kilikuwa bado hakijapata taarifa, kikabaki nyuma, akaanguka kitako mlemle mashuani.

"Simama!" akaiamuru mashua.

Wa mbele wakatupa kamba, wakaruka kando. Hakuna aliyeivuta tena, nayo haikusimama. Ilipasua mawimbi ikaenda zake, bila kasia, na injini ikiwa bado haijaletwa kutoka mji wa Albertville.

Mashua ilikuwa imeingia ziwani, kwa hiyo marufuku yakaisha saa ileile. Mitumbwi ishirini ikashuka majini, Suzanne akiisukuma kwa mikono yake na kucheka mpaka machozi. Bwana Mkubwa, sasa mbali kidogo, akapunga kofia.

"Nyinyi! Njooni mnivute!"

Nicolas, mvuvi aliyevuta siku zote tatu, viganja vyake vimejaa malengelenge, akatua kasia.

"Bwana, siye tuko bavivu," akamjibu kwa heshima. "Karani alishaandika."

Wakampita, wakaenda kuvua. Nikafungua daftari kuhakikisha. Ilikuwa imeandikwa kweli, tena kwa sahihi yake mwenyewe.