Pistoni za Ngozi ya Nyoka

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote, ila alijua kusikiliza. Siku aliyomsikia Mama Malori akiwafokea madereva wake kwamba malori yanabugia mafuta kama yamelogwa, aliona mlango wa riziki umeachwa wazi.

Akaokota pistoni chakavu, akaziosha kwa petroli, akazigonga vishimo kwa msumari. Mkewe alimtazama huku akimnyonyesha mtoto.

"Fanya vituko vyako vyote, baba, ila gari usiliguse. Ndilo linalompeleka huyu kliniki."

"Gari? Nitakuletea la pili!"

Uani kwa Mama Malori alizifunua taratibu, kama anayemfunua mtoto mchanga.

"Dada yangu, nyoka wa jangwani anateleza mchangani maisha yake yote. Umewahi kumwona na mchubuko tumboni?"

"Sijawahi kumpindua."

"Siri ni ngozi! Vishimo hivi vinashika oili, chuma hakisuguani na chuma. Mafuta nusu, safari ileile."

Mama Malori akapapasa, akaguna, akalipa. Profesa akaondoka akipiga mluzi.

Baada ya wiki mama huyo akapiga simu. Profesa akajiandaa kukana hata jina lake.

"Mdogo wangu, umenifanyia nini? Lori limepanda mlima na shehena, halikunguruma hata! Kuna mwenye kiwanda anazitaka kesho."

Profesa akakaa chini. Kumbe amegundua kweli! Tatizo, vishimo alivigonga ovyo. Hakukumbuka hata kimoja kilikaa wapi. Akaendesha mbio hadi uani.

"Nirudishie, dada. Nakupa hela zako zote."

"Hela? Kwa ugunduzi huu?" Macho ya mama yakatua kwenye gari la Profesa.

Jamani, kuna saa akili ya mjanja hutoka nje bila kuaga. Profesa akakabidhi kadi ya gari na funguo. Mama Malori akapanda, akapunga mkono, akatokomea.

"Haya fundi, zifungue kwenye lori," Profesa akamhimiza fundi wa mama aliyekuwa pale uani.

Fundi akaingia stoo, akarudi na pistoni zilezile, vumbi juu.

"Hamkuzifunga?"

"Tuzifunge wapi, kaka? Malori yote yako safarini. Limebaki lile." Akaonyesha lori bovu pembeni; kuku akachungulia kutoka chini ya boneti. Injini hamna; mayai yapo.

Simu ikaita. Mkewe.

"Baba, tumeshavaa. Kliniki wanakaribia kufunga, uko wapi na gari?"

Profesa akakohoa, akalainisha sauti.

"Mama, hivi huyo mtoto siku hizi ana uzito gani?"