Vitabu Vilivyolindwa Dhidi ya Wasomaji

Idara ya Uhifadhi wa Vitabu Vikuu inayo furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la kuchakaa kwa vitabu vya kiada limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Utafiti wa miezi saba umebaini chanzo chake: kusomwa.

Mimi, mhitimu mpya niliyekabidhiwa dhamana ya gundi, nilishiriki kwa moyo wote. Vitabu vyenyewe ni viwili, nakala pekee chuoni: kile kinene cha elimu ya mimea na kile cha kemia ya kifizikia. Tulivifuta kwa kitambaa cha maji, kwa heshima, tukavifunga papo hapo kwa nailoni na kuvitia kwenye kabati la kioo. Azimio likapitishwa: ataazimwa kitabu yule tu atakayethibitisha kwamba amekwisha kukisoma.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu akaja mbio. Wiki ijayo angerudia mtihani wa masomo hayo, akifeli, anafukuzwa.

“Kaka, nipe hata nusu saa.”

“Umeshavisoma?”

“Ningekuwa nimevisoma ningekuja kukuangukia hapa?”

“Basi hujatimiza masharti. Pole sana.” Pole hiyo ilitoka moyoni.

Akachungulia kabatini. “Mbona kuna matone ndani ya nailoni? Vitaota ukungu hivyo.”

Nikamfikishia Mkurugenzi wa Idara onyo hilo. Akakunja uso. “Amejuaje bila kibali?”

Siku tatu baadaye Waziri akaja kuzindua kabati. Mkurugenzi akafungua nailoni mbele ya chuo kizima. Jalada lilikuwa na manyoya ya kijani.

“Nini hiki?”

“Kitabu cha mimea, Mheshimiwa. Kimeanza kutoa mifano.”

“Na hiki cha kemia?”

Mkurugenzi akakohoa. Dada akajibu kutoka nyuma: “Maji yalikosa pa kutokea, Mheshimiwa. Hata nguo mbichi ukizifungia mfukoni zinaota ukungu.”

Waziri akamgeukia Mkurugenzi. “Wewe mlinzi wake umekisoma?”

“Hata kukifunua, Mheshimiwa! Sijawahi!”

Waziri, ambaye naye hakuwahi, aliona kamera zinamtazama. Akaamuru vitabu vikaushwe, apewe dada, na Mkurugenzi aufanye mtihani uleule.

Dada alifaulu. Mkurugenzi anarudia mwezi ujao, na kila jioni humfuata dada maktaba, daftari jipya kwapani.

“Keti, mzee,” humwambia. “Usiogope. Leo tunaanza na mbegu.”