Ombi la Cheti cha Kuthibitisha Kwamba Nilikuwa Nazikwa

Kilibula, Jumatatu asubuhi

Kwa Papa Tariki,
Prezida wa Umoja wa Motari wa Kilibula

Papa Prezida,

Ninakuandikia kwa heshima na kwa hasira, na ninaomba upokee vyote viwili. Jina langu ni Sylvestre Masumbuko, mwalimu wa jiografia, mume wa Olga. Mwaka mzima ninafundisha majina ya mito. Siku moja tu ninavaa vazi la Mulinzi wa Ziwa, yule roboti wa vitabu vya katuni anayetoka chini ya Tanganyika kuwatetea wavuvi, na kwenda Kasenga kwenye kongamano la mashabiki wake. Tuko tisa katika Uvira nzima. Usicheke, Papa. Hao wanane ndio watu pekee ambao hawaniiti Mwalimu.

Sasa, kifungu cha nane cha sheria zetu kinasema shabiki asiyeitika jina lake saa tisa kamili, miaka mitatu mfululizo, anafutwa, isipokuwa awe amefariki. Nilishakosa miwili, na huu ulikuwa wa tatu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kwenda na gari. Mwaka juzi shemeji yangu Toussaint alikubali kunipeleka. Mabega ya Mulinzi ni mapana, kwa hiyo garini aingie yeye ama mimi. Shemeji akaamua kwamba mgeni ndiye apande. Nikafuata kwa miguu. Vazi lilifika mapema, likawekwa kitini, likapewa soda na kupigiwa makofi. Mimi nilifika watu wanakunja viti. Ripoti inasema vazi lilihudhuria, Sylvestre hakuonekana.

2. Kuhusu kwenda bila gari. Mwaka jana nilitembea nikiwa nimelivaa. Kichwa cha Mulinzi hakigeuki, na Kasenga inataka mtu akate kona. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mpakani, ambako askari alinidai karatasi za roboti. Alikuwa mpole, nitasema haki yake. Alinipa kiti, ila sikuweza kukunja magoti.

Hayo mawili simlaumu motari yeyote, maana sikupanda pikipiki yenu. Yanayofuata ni yenu.

3. Mwaka huu nilimwagiza fundi Herménégilde anitengenezee vazi jipya la mbao. Kazi yake ya kila siku ni masanduku ya maiti, hilo nakiri, na mkono wake umezoea hayo. Alilipaka vanishi, akaweka vishikio vinne na kifuniko. Jumamosi saa nane motari wenu Pitchou alililaza kati yangu na yeye, nami nikalikumbatia, nikaegemeza shavu juu yake na kufumba macho, kwa sababu ya mashimo ya barabara.

4. Hatukufika hata sokoni. Wanaume walivua kofia. Wamama wanaouza ndagala walishika vichwa. Motari mmoja akamuuliza mwenzake ni nani huyo, mwenzake akajibu lazima iko wetu, na hapo mambo yakaharibika. Unajua mwenyewe desturi yenu: motari akifa, wenzake wanavunja matawi, wanayafunga kwenye usukani na kumsindikiza kwa honi. Baada ya dakika kumi nilikuwa na pikipiki ishirini na sita nyuma yangu. Nilipiga kelele kwamba hakuna muntu aliyekufa. Wakaambiana kwamba wafiwa wote wanasema hivyo siku ya kwanza.

5. Pitchou alijua ukweli wote. Lakini aliona haya kuwavunja moyo watu waliokwisha kulia, akaipita njia ya Kasenga na kushika ya makaburini. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Saa tisa inakaribia, na mimi nabembelezwa.

6. Makaburini katekista aliniuliza jina la marehemu. Minye si mwongo, nikamwambia ni Mulinzi wa Ziwa. Alimwombea vizuri sana. Motari mmoja alisimama akashuhudia kwamba walikua pamoja tangu utoto, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, ila alipenda mwendo wa kasi. Mama mmoja alizimia. Nami nilitokwa na machozi ya kweli, Papa, nikifikiria jina langu linavyofutwa.

7. Zilipobaki dakika tano niliamua kuthibitisha. Nilifungua kifuniko, nikaingia ndani, nikavaa kichwa cha Mulinzi, nikasimama. Watu walikimbia kuelekea ziwani, hata Pitchou. Nikabaki na pikipiki ishirini na saba na hakuna hata motari mmoja wa kunipeleka Kasenga. Mimi sijui kuendesha. Huo ni usafiri gani, Papa Prezida?

Kwa hiyo ninaomba, kwanza, motari wawe wanauliza aliyekufa ni nani kabla ya kuvunja matawi. Pili, nipewe cheti chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba Jumamosi saa tisa kamili Sylvestre Masumbuko alikuwa anazikwa. Siombi mseme nimekufa kabisa. Semeni tu kwamba shughuli ilikuwa imeshaanza. Kifungu cha nane hakisemi marehemu lazima awe amemaliza.

Nisalimie Mama Sharifa na watoto, nisalimie na motari wote waliolia, hasa yule niliyekua naye tangu utoto. Olga naye anawasalimu, ingawa hana nafasi, anapokea majirani wanaokuja kumpa pole.

Ni mimi ninayengoja muhuri wako,
Sylvestre Masumbuko
Mwalimu, na kwa sasa marehemu wa muda

P.S. Nilikuwa nimeshafunga bahasha alipofika Noella, mwandishi wa kongamano letu. Anasema waliposikia honi walitoka barabarani kuangalia, wakaona mfiwa ni mimi. Hawakuuliza. Waliacha ukumbi na viti, wote wanane, wakaja kulia nami, wakasimama nyuma kabisa. Niliposimama walikimbia kama wengine. Ila saa tisa ilipofika Noella aliita majina akiwa amejificha nyuma ya kaburi, kwa sababu sheria ni sheria. Kweli nilisikia jina langu likiitwa kutoka kaburini, nikaitika. Sikuliandika hapo juu nikiogopa utasema sina akili. Aliyeitika ni mimi peke yangu, kwa hiyo nimechaguliwa prezida wa kongamano. Cheti usitume, Papa, na Pitchou asiguswe. Mwaka ujao ninaomba mnizike tena, ila tuondoke mapema kidogo.