Kibanda cha Kinyozi Kimegeuka Gari kwa Amri Zenu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kubadilisha mawazo kila wiki. Mimi ni kijana msomi. Shule niliiacha mapema ili na wenzangu wapate nafasi ya kuongoza darasa. Nafagia nywele kwenye kibanda cha mjomba wangu, kinyozi. Aliniahidi kwamba siku akinunua kiti cha pili, nami nitakuwa kinyozi kamili. Kiti hajanunua, na sababu ni wewe, kwa heshima zote.

1. Mlitangaza vibanda vyote viwe vya buluu. Nikapaka mwenyewe, kazi safi, watu wakasimama kutazama. Rangi haijakauka, mkasema kijani. Nikapaka. Mkarudi kwenye buluu, ila "buluu iliyopoa". Nikaenda dukani kuuliza buluu hupoa baada ya muda gani. Nilifukuzwa.

2. Mkasema milango itazame barabara. Tukageuza. Mkasema barabara ina vumbi, isitazamwe. Tukageuza tena. Sasa mlango wetu unatazamana na bafu la jirani, na mama wa watu akitoka na taulo anatuuliza tunatafuta nini. Tumwambie tunatekeleza sera?

3. Mkaamuru vibanda viwe na magurudumu. Tukafunga. Halafu akaja afisa wenu na tangazo kwamba chenye magurudumu ni gari, hivyo kinyozi awe na leseni ya udereva na mteja afunge mkanda. Wakati huo mjomba alikuwa amemaliza ndevu za fundi viatu upande wa kulia. Akaweka mashine chini: "Mpwa wangu, sijui kama upande wa kushoto bado ni halali. Tusubiri." Mpaka leo fundi viatu anatembea hivyo. Mkewe humsalimia kwa upande mmoja tu.

4. Nikimkumbusha kiti, mjomba hunijia juu: "Ninunue, halafu kesho waseme wateja wanyolewe wamesimama?" Narudi kwenye ufagio wangu. Seremala naye kaacha kutengeneza viti, anasubiri. Mtaa mzima unasubiri. Kinachokua mjini ni nywele tu.

Naomba basi mchague amri moja, hata iwe mbovu, mkae nayo mwaka mzima bila kuigusa. Ubovu tutauzoea.

Nisalimie wajumbe wote, mpika chai wenu, na yule afisa wa matangazo. Mwambie gundi anayobandikia matangazo inashika kuliko maneno yake.

Mtiifu wenu kwa amri zote, zikiwemo zinazopingana,

Kinyozi Mtarajiwa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, seremala, mshona nguo na fundi viatu mwenyewe wamekuja wanataka niwapakie vibanda vyao buluu iliyopoa, maana mkono wangu wameuona. Mjomba naye kanunua kiti cha pili: wateja wangu wa rangi wanakalia wakisubiri zamu. Kwa hiyo ile amri moja sahau kabisa. Ijumaa tangazeni zambarau. Makopo nimeshanunua.