Kifuniko cha Buluu Hukaa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya thelathini na moja melini, tukitoboa sakafu ya bahari. Mama Kiongozi, mkuu wetu wa utafiti, anastaafu, na mrithi wake atatajwa Alhamisi. Tumebaki wawili: mimi na shemeji, mdogo wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika nyundo ya jiolojia! Miaka kumi na miwili nasema hapa chini kuna majivu ya volkano. Shemeji anasema mchanga mtupu. Nikikosea, narudi stoo kubandika lebo kwenye mawe hadi nizeeke.

Jumanne, 4 Machi

Msiba! Bomba lenye udongo wa kina ninachodai kina majivu litapanda kesho saa nne asubuhi. Zamu ya shemeji! Na anayelipokea ndiye anayeandika ripoti. Majivu yangu, jina lake? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimemwambia shemeji kuwa dada yake atampigia simu ya meli saa nne kamili, asibanduke kwa nahodha.

Jumatano, 5 Machi

Bomba likapanda. Shemeji yuko juu, ameikodolea simu macho. Mafundi wakalikata vipande vya mita moja na nusu. Nikawafukuza, nikaziba ncha mwenyewe. Kifuniko cha buluu juu, cheupe chini. Nadhani. Hakukuwa na wakati! Nilishasikia viatu vyake kwenye ngazi.

Saa nane. Majivu! Meusi, unene wa kiganja! Nimelia. Tena ajabu: chembe nzito ziko juu, laini chini, na kila mtu anajua kizito ndicho hutangulia kuzama. Basi sakafu ya bahari ilipinduka! Kurasa sita. Nimempa Mama Kiongozi, na nakala nimetuma nchi kavu kwa taasisi nzima.

Jioni shemeji kaja kabini. Kaniuliza kwa upole vifuniko aliweka nani. Nimemwambia wivu haujengi. Tangu aondoke najaribu kukumbuka mkono wa kulia ulishika rangi gani. Sikumbuki. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Mama Kiongozi alikitazama kipande, akakigeuza juu chini mbele ya wote, akakilaza. Kizito chini, chepesi juu, kama bahari zote duniani. Akasema majivu yapo, nilikuwa sahihi miaka yote ile. Akasema pia kwamba Jumanne shemeji alimwandikia kukubali hoja yangu na kuomba nitajwe mimi. Ningelala tu asubuhi ile, kazi ingekuwa yangu.

Amemtaja shemeji.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini iko mita elfu tatu chini ya meli. Mke wangu ameandika kuuliza simu gani hiyo mdogo wake aliyoingoja saa nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepewa kazi ya kutunza vifuniko. Shemeji amesema nipumzike, hana kinyongo. Ananihurumia, mimi! Nimetafakari kwa unyenyekevu na nimeliona kosa langu: haraka. Sasa sina haraka. Kesho asubuhi wanaanza tena kuchimba, na vifuniko vyote vya buluu viko chini ya godoro langu. Waje waniombe.