Malalamiko Kuhusu Wingu Lililoniharibia Ugomvi Wangu

Kwako Mlezi wa Wanafunzi wa Kigeni,

Mheshimiwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima na miguu yako ikiwa mikavu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa barabara. Nimetoka mbali kuja kusoma hapa, nami nakaa bweni la nyuma, chumba cha watu wawili karibu na ngazi. Naleta malalamiko juu ya Chama cha Matembezi, kilichotupeleka mwisho wa wiki kwenye msitu wa mawingu. Naomba kivunjwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Tangazo lilisema "msitu wa mawingu". Nilidhani ni maneno ya kupambia, kama wanavyoandika "chumba chenye hewa safi" kumbe kioo kimevunjika. Wingu lilikuwepo kweli, tena halikukaa juu linapopaswa kukaa. Lilishuka mitini, likaingia masikioni, likaingia na ndani ya mkate wangu. Hakuna aliyetuomba radhi.

2. Njia. Hii ni taaluma yangu, hivyo nitajizuia. Haina mtaro, na mahali pengine haina hata njia. Mizizi imejilaza katikati kama wageni walioshiba.

3. Wingu lilipozidi, mwongozaji wetu, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, alisema, "Kila mtu ashike begi la aliye mbele yake, asiliachie!" Nilitii. Bahati mbaya mwenye begi alisimama kufunga kamba ya kiatu, na msafara ukaenda zake. Alipogeuka nikamwona: mwenzangu wa chumbani, ninayemwita Jokofu. Kila siku akitaka kulala anafungua dirisha. Mimi nalifunga. Yeye analifungua. Tulikuwa hatujasalimiana tangu muhula uanze.

4. Hapa ndipo penye hasara. Ugomvi ule niliulea mwenyewe, ukakua, ukawa na afya. Katika nchi ambayo sina ndugu, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kurudia kila jioni. Sasa tumesimama wawili, tunaita, wingu linameza sauti. Jokofu akasema neno lake la kwanza kwangu kwa miezi: "Umeliachia begi?"

"Sijaliachia."

"Basi usiliachie."

Kisha akateleza. Nami, kwa kuwa nilikuwa nafuata maagizo, nikaenda naye mpaka chini kwenye tope. Kifundo chake cha mguu kikavimba pale pale. Ilibidi nimbebe mgongoni, na mdomo wake ukiwa sikioni mwangu sikuwa na namna ya kutomsikiliza. Akaniambia kwao ni nyumba ya watu wengi, hajui kulala bila kusikia mtu akiongea. Ndiyo maana anafungua dirisha: mlinzi wa bweni huwa anabishana na redio yake pale chini.

Nilikuwa na maneno makali niliyomwekea siku nyingi. Yalinikauka. Nikajikuta nalia, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba ya safari. Nikamwambia ni wingu. Akafuta macho yake, akasema hata yeye ni wingu hilohilo.

Tulipiga kelele mpaka makoo yakakauka, ndipo tukasikia filimbi. Yule mama alitokea amelowa chapachapa, akatushika mashavu na kusema, "Wanangu, leo mmenizeesha!" Akamvisha Jokofu sweta lake. Mimi sikupewa kitu.

5. Nilimpigia mama yangu mzazi nikitegemea anipe pole. Akauliza, "Huyo uliyembeba amekula?" Tangu siku hiyo akipiga simu anasema, "Nipe mwanangu," nami nikijibu kwamba ndiye mimi, anasema, "Yule mwingine." Nasubiri zamu kwenye simu yangu mwenyewe.

6. Dirisha sasa linakaa nusu wazi. Napata nusu ya baridi na ubishi wote wa mlinzi. Juzi redio yake iliharibika, nikashindwa kulala. Ikabidi mimi na Jokofu twende kuitengeneza, na sasa mlinzi naye anatuita wanawe. Mheshimiwa, nilikuja hapa kwa ajili ya shahada. Watu hawa wanaongezeka kila wiki na hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo naomba chama kivunjwe mara moja, wingu likatazwe kushuka siku za Jumamosi, nami nirudishiwe ugomvi wangu ukiwa katika hali niliyouacha nayo.

Nisalimie karani wako, dereva aliyetandika magazeti kwenye viti ili tusichafue basi lake, na wote wa ofisini wanaonikumbuka au wasionikumbuka.

Ni mimi, kwa heshima nyingi na mafua,
Mwanafunzi wa chumba cha karibu na ngazi.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, wanachama wamekutana na kunichagua mwenyekiti wa Chama cha Matembezi. Nimekubali. Tafadhali chama kisivunjwe, kipewe basi kubwa zaidi. Mwezi ujao tunarudi kulekule. Wenyeji wanasema wingu la wakati huo ni zito kuliko hili, na tunaomba ofisi yako isiliingilie.